Mwambie Angali Anasikia

Msiba wa mwalimu mstaafu hujaa watu. Magari hupangana hadi barabarani, mengine ya Serikali, na vijana wa mtaa huulizana kumbe mzee yule alikuwa mtu mkubwa namna hii. Ikifika zamu ya wanafunzi wa zamani, husimama daktari, akafuata hakimu, akaja mfanyabiashara wa Kariakoo, kila mmoja akieleza jinsi marehemu alivyomshika mkono. Mengi ya maneno hayo ni ya kweli, na husemwa kwa machozi ya kweli. Mjane huyasikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Mwenyewe hakuyasikia hata moja.

Ninamwandikia msomaji ambaye tayari kuna mtu amemjia akilini. Nitamtaja zaidi mwalimu wa shule, kwa kuwa ndiye wengi wetu tuliyempata, lakini haya yanamhusu pia ustadhi wa madrasa, kocha wa timu ya mtaani, kiongozi wa kwaya, fundi cherehani aliyekufundisha kazi bila kukutoza, au bosi wa kwanza aliyekurudishia barua yako mara tatu mpaka ukajua kuandika. Mtafute. Nina sababu za kukuambia umtafute sasa, na nina mambo kadhaa ya kukuambia kuhusu namna ya kwenda.

Watu husema wanazuiwa na umbali au kazi. Ukiwasikiliza vizuri utasikia kingine: aibu. Mtu alikuwa wa kwanza darasani, mwalimu akamtabiria makubwa, na leo ameachishwa kazi au ndoa imemvunjikia. Anaona akienda sasa atakuwa anapeleka habari mbaya. Anasema nikishajenga, nikishapata usafiri, mwanangu akishamaliza chuo. Aliyefanikiwa naye ana aibu yake, kwamba miaka 30 imepita bila hata salamu, sasa ataanzaje? Kila mwaka unaoongezeka huifanya simu hiyo iwe nzito zaidi.

Kwa huyu wa kwanza ninasema hivi. Mwalimu hakukukopesha kitu akasubiri urudishe ukishatajirika. Alichokupa ulikipokea siku ile ile, na kimekuwa kikifanya kazi tangu hapo. Aliyefundishwa kusimama mbele ya watu bila kutetemeka anasimama mpaka leo kwenye mkutano wa kijiji, awe na ajira asiwe nayo. Aliyefundishwa kuandika hesabu zake kila jioni anaziandika hata kama duka ni la rafu mbili. Habari ya namna hiyo ndiyo inayomfurahisha mwalimu, na haihitaji cheo. Kwa huyu wa pili, sentensi moja inatosha: "Mwalimu, nimechelewa sana, unisamehe." Ukishaisema, endelea na mengine. Ukitumia nusu saa kujieleza kwa nini hukuja, utakuwa umemfanya mzee wa watu aanze kukubembeleza wewe.

Mwandishi Albert Camus alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1957, alisubiri kelele zipungue kidogo, kisha tarehe 19 Novemba akamwandikia Louis Germain, mwalimu wake wa shule ya msingi mjini Algiers. Camus alikuwa mtoto wa nyumba maskini. Baba yake alikufa vitani mwaka 1914, yeye akiwa hajatimiza mwaka; mama alifanya kazi za usafi na hakujua kusoma; na bibi, aliyekuwa mkuu wa nyumba, alitaka mjukuu akimaliza shule ya msingi atafute kazi. Germain alimfundisha masomo ya ziada bila malipo na akaenda mwenyewe nyumbani kumshawishi bibi. Barua ya Camus ni fupi, inasomeka kwa dakika moja. Anamwambia mwalimu kwamba aliposikia habari ile alimfikiria kwanza mama yake, na baada ya mama, yeye. Januari 4, 1960, Camus alikufa kwa ajali ya gari akiwa na miaka 46. Mwalimu wake alikuwa bado yu hai. Tunapoahirisha, huwa tunahesabu umri wa mwalimu peke yake na kusahau wa kwetu.

Sasa maandalizi. Kabla ya kutafuta namba ya simu, chukua karatasi uandike jambo moja alilolifanya mwalimu huyo, kama ulivyoliona kwa macho yako. Usiandike kwamba alikuwa mchapakazi, mpole na mwenye upendo; hayo ameshaambiwa kwenye vyeti vya Mei Mosi, na kila aliyestaafu naye ameambiwa vivyo hivyo. Andika alikuwa amesimama wapi, alishika nini, alisema nini. Ukikuta huna zaidi ya sifa za jumla, kaa tena siku nyingine. Lipo, litakuja.

Nitoe la kwangu. Mwalimu wangu wa Kiswahili wa darasa la sita alikuwa akiletewa gazeti la Uhuru na kondakta wa basi, likifika limeshapitwa na siku mbili tatu. Alilisoma usiku, na asubuhi tulilikuta limebandikwa ukutani kwa uji mzito wa unga, kwa kuwa gundi haikuwepo. Kila siku mwanafunzi mmoja alipewa habari moja awasimulie wenzake kabla ya mapumziko. Siku yangu nilipewa habari ya bei ya pamba. Nilipomaliza, nikiwa na uhakika nimefanya vizuri, alisema: "Umetuambia nani na nini. Kwa nini, bado. Rudi ukutani." Nilirudi ukutani, na kazi niliyoifanya maishani ni ile ile ya kurudi ukutani kutafuta kwa nini.

Miaka mingi baadaye nilipokwenda kumsimulia, hakunikumbuka mimi wala pamba. Alikumbuka uji. Alicheka akamwita mkewe kutoka jikoni, na mama yule ndiye aliyeimalizia hadithi. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1980, unga wenyewe wa foleni, na yeye ndiye aliyekuwa akiupika ule uji wa kubandikia gazeti, akipima kijiko kwa kijiko huku watoto wake wakimtazama. "Nilimwambia hawa watoto wa watu watatumalizia unga," alisema, "akaniambia punguza kwenye wangu." Sisi darasa zima hatukulijua hilo. Tulidhani gazeti hujibandika. Ndiyo maana ninasisitiza upeleke jambo mahususi: sifa ya jumla hujibiwa kwa "asante sana mwanangu," na mazungumzo yanaishia hapo, jambo mahususi humfungulia mwalimu mlango wa upande wake, akakuonyesha ambayo mtoto hakuweza kuyaona.

Kumpata si kazi ngumu kama watu wanavyodhani, ila wengi huanzia pasipo. Huenda shule alikofundisha, wakaambiwa hayupo, wakakata tamaa. Walimu wetu walipangiwa vituo mbali na kwao. Mtu wa Bukoba alifundisha Songea, mtu wa Lushoto akafundisha Singida. Wakifika miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, au 55 kwa hiari, wengi hurudi kwao au huhamia kwa watoto. Kwa hiyo swali la kuuliza shuleni ni kwao wapi, na alikuwa rafiki wa nani. Mpishi wa zamani wa shule, mlinzi, au mama aliyekuwa akiuza maandazi getini mara nyingi anajua zaidi ya mkuu wa shule aliyehamia mwaka juzi. Muulize Afisa Elimu Kata. Ulizia ofisi ya Chama cha Walimu ya wilaya. Uliza parokiani, usharikani au msikitini alikokuwa akisali. Njia ninayoiamini zaidi ni kumpata mstaafu mwenzake. Hao hukutana kwenye uhakiki wa pensheni na kwenye misiba, na wana namba za kila mmoja. Ofisi ya mfuko wa pensheni usiisumbue, haitakupa anwani ya mtu, nayo ina haki.

Ukipewa namba ya zamani, usishangae ikipokelewa na kijana asiyemjua. Laini nyingi za wazee zilifungwa baada ya usajili wa alama za vidole, uliofika ukomo Januari 20, 2020, na namba iliyofungwa hupewa mtu mwingine. Kabla ya kupiga unaweza kuanza kama unayetuma fedha ili jina lijitokeze kwenye simu, kisha ukaghairi. Lakini kumbuka kwamba wazee wengi laini zao zimesajiliwa kwa jina la mtoto au mjukuu, basi jina geni lisikukatishe tamaa. Piga, omba radhi, uliza.

Neno kuhusu kundi moja la walimu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, walimu hawakutosha, na vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa na kufundishwa ualimu huko huko vijijini, wakifundisha huku wenyewe wakisoma. Waliitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, na jina hilo lilitumika kuwadharau maisha yao yote. Karibu wote sasa wamestaafu. Wengi wao waliingia darasani wakiwa na miaka chini ya 20, mbele ya watoto wengi na ubao uliopasuka, na ndio waliotufundisha kusoma. Kama aliyekufungulia macho alikuwa mmoja wao, mtafute kwa haraka zaidi, kwa sababu yeye ameambiwa mara nyingi kwamba hakuwa mwalimu kamili, na hajaambiwa mara nyingi kwamba umesoma kwa sababu yake.

Simu ya kwanza iwe fupi. Shikamoo kwanza, hata kama wewe ni profesa au mkuu wa wilaya. Kisha jina lako lote kama lilivyokuwa kwenye daftari la mahudhurio, maana yeye hakukujua kwa jina la ndoa wala la cheo, kisha shule, darasa na mwaka, na kitu kimoja cha kumsaidia: "nilikuwa nakaa na yule aliyevunjika mkono kwenye mpira," au "baba yangu alikuwa bwana shamba pale kijijini." Usimuulize "unanikumbuka?" Hilo linamweka mzee kwenye mtihani. Piga hesabu: mwalimu aliyefundisha miaka 35, hata akipokea wanafunzi wapya 80 tu kwa mwaka, amepitisha watu 2,800. Akisema hakukumbuki, mwambie mara moja, "Haina shida Mwalimu, mimi ninakukumbuka," na umsimulie. Kukumbuka ni kazi yako wewe.

Kama uko Muscat au Minneapolis na nauli ya kuja haipo mwaka huu, tuma ujumbe wa sauti kwenye simu ya mtoto wake. Sauti inazidi maandishi kwa mtu ambaye macho yamechoka, na ataisikiliza tena jioni wageni wakija.

Ukienda mwenyewe, taarifu mapema na usiende na msafara. Mkono mtupu haulambwi, basi usiende mikono mitupu, lakini usimzidi mzee nguvu ndani ya nyumba yake. Sukari, majani ya chai, sabuni, mchele, kitenge cha mama. Hivyo vinatosha na vinaeleweka. Kwa mwalimu ninaongeza magazeti ya siku hiyo au kitabu chenye herufi kubwa. Akabidhiwe mama mwenye nyumba. Kama una bahasha, itoe wakati wa kuaga, si ulipoingia, na mkiwa wawili: "Mwalimu, hii ni ya sukari." Isionekane kama ndiyo uliyoijia. Simu iwe mfukoni. Picha omba mwishoni, na usiiweke kwenye status kabla hujamuuliza. Wapo wazee wasiopenda kuta za nyumba yao zionekane na watu wasiowajua, na hawatakuambia usipouliza.

Kaa. Hili ndilo linalowashinda waliozoea mjini. Watu huenda na ratiba ya dakika 40, wakasoma shukrani kama risala, wakaondoka. Kunywa chai mpaka ya pili. Muulize alisomea chuo gani, mkuu wa chuo alikuwa nani, na nani alimfundisha yeye. Ni swali ambalo halikosi kumchangamsha mwalimu. Mwache akusahihishe Kiswahili chako. Muombe ushauri wa jambo la kweli ulilo nalo, la mtoto au la kazi, na usiulize kwa kumpa heshima tu. Mtu aliyefundisha maisha yake yote, akastaafu, husikia kila siku akiulizwa amekula nini na kama amekunywa dawa. Kuulizwa anafikiri nini ni jambo ambalo huenda halijamtokea kwa miezi.

Na ikiwa kumbukumbu zimeanza kumpotea? Zungumza kwanza na anayemtunza, ujue saa gani ya siku huwa mchangamfu. Fika saa hiyo. Usibishane naye akikuita jina la mwingine. Imba naye wimbo wa mchakamchaka, au msomee kitu alichokuwa akiwafundisha. Mara nyingi vya zamani hubaki baada ya vya jana kwenda. Simulia lile jambo lako hivyo hivyo, kwa sauti, mbele ya mtoto wake. Litapata wa kulibeba.

Lipo jambo gumu ambalo siwezi kulipita. Wengi wa walimu tunaowashukuru walitupiga. Kwa baadhi yetu fimbo ilikuwa ya kawaida ya wakati ule na tumeshaisamehe bila hata kuamua. Kwa wengine ilikuwa ukatili, na wapo waliofanyiwa mabaya kuliko fimbo. Ninaandika wazi: kama mwalimu huyo alikuumiza kiasi kwamba ukisikia jina lake mwili unashtuka, huna deni la kumtembelea, na asikulazimishe mtu kwa kusema mwalimu ni mzazi. Lakini kama ni mtu aliyekufaa sana na pia akakukosea, unaweza kuyabeba yote mawili. Usiyachanganye siku moja. Mara ya kwanza peleka shukrani, ikiwa ni ya kweli. Lile lingine, ukiona lazima lisemwe, liseme siku nyingine, mkiwa wawili, bila watoto wake wala wajukuu kusikia. Wapo walimu wanaolingojea wao wenyewe.

Kuhusu fedha, jiandae. Inawezekana kabisa mwalimu, au mtoto wake, atakuomba: ada ya mjukuu, dawa, kazi ya kijana aliyemaliza chuo. Usichukie ukaona umevutiwa mtegoni. Mtu akitokea mlangoni na gari baada ya miaka 30, ni haki kuulizwa. Jibu ukweli siku hiyo hiyo. Unaloliweza, taja kiasi na tarehe. Usiloliweza, sema hapana kwa upole. "Nitaangalia" ya mtu asiyekusudia kuangalia ndiyo inayoua uhusiano, kwa sababu mwalimu atakaa na simu mkononi. Mahitaji makubwa, kama paa linalovuja au matibabu, yapeleke kwa wenzako mliosoma pamoja. Makundi ya WhatsApp ya shule zetu hukusanya mamilioni kwa harusi na misiba. Yanaweza kukusanya mabati 30. Ila muulizeni kwanza kama anataka mabati. Nimewaona watu wakimjengea mwalimu choo cha kisasa ilhali alichokuwa anakiwaza ni kesi ya shamba lake, na kati yao walikuwepo mawakili wawili.

Baada ya safari ya kwanza usiahidi makubwa. Chagua siku utakayompigia bila kukosa, iwe Idi, Krismasi, au Oktoba 5, Siku ya Walimu Duniani. Simu mbili kwa mwaka zinazofika zinamfaa kuliko ahadi ya kuja kila mwezi.

Na ukikuta amekwisha kufa, usirudi njiani. Nenda kwake. Watoto wa walimu wengi walikua wakiona baba au mama akiwapa watoto wa watu muda ambao wao waliukosa, na baadhi bado wana kinyongo. Wana haki ya kujua muda ule ulikwenda wapi. Wasimulie lile jambo ulilolipanga kumsimulia yeye, lote, na mahali aliposimama. Uliza kama kuna daftari, picha ya darasa au maandalio ya somo yaliyobaki, upige picha na kuwasomea wajukuu majina ya watu walio pichani, maana wewe ni miongoni mwa wachache wanaoyajua.

Ukimkuta hai, wenzako watataka namba yake siku hiyo hiyo. Usiitume kwenye kundi. Muulize kwanza ni nani angependa kumsikia na saa ngapi anapokea simu, kisha wape mmoja mmoja, ukimwambia kila mmoja aje na jambo lake.